Barua Isiyofika Nayo Hushuhudia



Ukisimama nje ya kanisa Jumapili baada ya Misa ya kwanza huko Katoro, Nyarugusu au Kakola, utasikia Kisukuma, Kiha, Kihaya, Kikurya na Kijita kwa pamoja. Ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga umejaa watu waliotoka mbali. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, lakini wengi wanaojaza makanisa yetu ni wachimbaji wadogo, wenye makarasha, mama lishe na wauza duka, watu wanaohama mara rashi inaposikika mahali pengine. Wanakuja na simu, koleo na nguo za kubadilisha. Cheti cha ubatizo kimebaki nyumbani, au kimeliwa na mchwa.

Ndiyo maana parokia za huku zinaishi kwa barua. Kijana akitaka kufunga ndoa, Kanuni ya 1066 ya Sheria za Kanisa inadai ithibitike kwanza kwamba hakuna kinachozuia ndoa hiyo. Paroko hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu usoni. Anaiandikia parokia alikobatizwa, kwa sababu kitabu cha ubatizo ndicho kinachotunza historia ya Mkristo: pembeni mwa jina lake huandikwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri. Na ndoa ikishafungwa, Kanuni ya 1122 inadai taarifa ipelekwe huko huko alikobatizwa, upesi iwezekanavyo. Barua inakwenda, barua inarudi.

Makala haya yanahusu barua ambazo hazikwenda, na siku kadhaa ambazo sisi mafrateri watatu, tukiwa katika uchungaji wa likizo, tulikaa mbele ya kompyuta moja ya nyumbani tukitafuta zilikokwama.

Kwa nini kompyuta ya nyumbani

Parokia tuliyopangiwa ilikuwa imechoka kuandika kwa anwani za watu binafsi. Kila katibu aliyepita alitumia barua pepe yake mwenyewe, na alipohama, mambo ya watu alihama nayo: vyeti, maombi ya ndoa, barua za mashauri ya ndoa zilizovunjika. Siyo ubaya wa makatibu. Hawakupewa namna nyingine. Lakini habari hizo si zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaliambia taifa zima jambo ambalo ofisi ya parokia inapaswa kulijua kwa dhamiri: anayetunza habari za mtu ametunzishwa amana.

Halmashauri ya Walei ikaamua parokia iwe na jina lake kwenye mtandao na seva yake ya barua pepe. Ofisi ya parokia haikuwa na umeme wa kuaminika, kwa hiyo mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sola nyumbani kwake, akatoa kompyuta yake ya zamani. Kijana mmoja fundi akaweka Linux na Postfix, programu huria iliyotungwa na Mholanzi Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, ambayo mpaka leo inasafirisha barua katika seva nyingi duniani. Baadaye kijana huyo akapata kazi Kahama. Kompyuta ikabaki chini ya meza sebuleni, taa yake ya kijani ikiwaka. Ofisini walikuwa wakiandika, wakibonyeza, na kioo kikiwajibu kwamba barua imetumwa.

Ukimya uliosomwa kama jibu

Kulikuwa na mchimbaji mmoja aliyebatizwa Kigoma, na mchumba wake mwenyeji wa Geita. Mafundisho ya ndoa walikuwa wamemaliza. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekubaliwa. Matangazo ya ndoa yalikuwa yameanza kusomwa. Kilichobaki ni jibu kutoka parokia ya nyumbani kwa kijana, na jibu halikuja. Paroko alijaribu namba ya simu iliyokuwa katika orodha ya zamani, haikupatikana tena. Akaandika barua pepe ya pili, na ya tatu. Kimya.

Mwezi wa kwanza watu walisema mtandao. Mwezi wa pili maneno yakabadilika. Shangazi wa binti akasema wazi mbele ya wazee wa jumuiya, "Huko kwao kuna jambo wanalificha. Kama hana mke, kwa nini Padre wao hajibu?" Hatuwezi kumlaumu sana mama huyo. Machimboni wako wanaume waliooa Kigoma, wakaoa tena Geita, wakaoa tena Chunya. Anayemlinda mtoto wa ndugu yake ana sababu ya kuuliza.

Lakini hapo ndipo tulipoona uzito wa jambo. Ukimya ule haukuwa mtupu. Ulikuwa unatoa ushahidi dhidi ya mtu, na hakuna aliyekuwa ameufungua mdomo. Kanuni ya 220 inakataza kuliharibu isivyo halali jina jema la mtu. Sisi tumezoea kufikiri kwamba jina huharibiwa na ulimi. Pale liliharibiwa na foleni ya barua ndani ya kompyuta.

Kijana mwenyewe alituambia, "Mafrateri, mimi najua sijaoa. Ila imefika mahali nikiulizwa nakosa la kusema, kwa sababu hata mimi sielewi kwa nini kwetu hawanijibu."

Baba Paroko akatuambia, "Ninyi mnajua hayo mambo ya kompyuta. Nendeni kwa Mwalimu, mwiteni na Roho Mtakatifu."

Kuiuliza mashine

Seva ya barua pepe ina sifa moja njema: haifichi kitu. Kila inachofanya hukiandika katika daftari lake, kwa saa, dakika na sekunde. Kwenye Linux daftari hilo kwa kawaida ni faili liitwalo mail.log, na amri mailq inaonyesha barua zilizo foleni. Anayetafuta tatizo aanzie hapo, kabla ya kubadilisha mpangilio wowote. Ni kama mganga wa zahanati: anapima damu kwanza, dawa baadaye.

Daftari lilisema neno moja kwa kurudia: muunganisho umekawia hadi muda ukaisha. Kompyuta ilikuwa ikipiga hodi kwenye seva za mbali kupitia mlango namba 25, ambao mafundi huuita poti 25. Huo ndio mlango ambao seva hupokezana barua tangu Jon Postel aandike kanuni zake mwaka 1982. Tulijaribu mlango huo kuelekea seva tatu tofauti, na kote hatukupata jibu. Tukajaribu mlango namba 587, na jibu likaja mara moja. Basi mtandao ulikuwepo. Kilichofungwa kilikuwa ule mlango wa 25 peke yake, na uliufunga mtandao wenyewe uliokuwa ukiihudumia nyumba ile.

Hilo si uonevu. Watoa huduma wengi duniani huufunga mlango huo kwa wateja wa majumbani, kwa sababu kompyuta ya nyumbani iliyoingiwa na virusi inaweza kumwaga maelfu ya barua taka kwa usiku mmoja bila mwenyewe kujua. Wanafunga kwa wote ili kuwazuia wachache.

Na zile barua za Paroko? Postfix isipobadilishwa huishika barua kwa siku 5, ikijaribu tena na tena. Siku hizo zikiisha huirudisha kwa mtumaji na maelezo. Taarifa hizo za kurudi zilikuwepo. Zilikuwa zinaingia katika kasha la msimamizi wa mashine, ambalo baada ya fundi kuhama halikuwa na mtu wa kulifungua. Tulikuta humo barua 19. Tatu zilikuwa za kijana wetu wa Kigoma. Nyingine zilikuwa za watu ambao hatukuwajua, nao kila mmoja ana shangazi wa mtu anayemtazama.

Nani anamdhamini mtuma barua?

Mtu angeweza kudhani kwamba kuupata mlango ulio wazi kungetosha. Haitoshi, na hapa ndipo tulipojifunza mengi zaidi.

Huku kwetu Mkristo mgeni akifika parokia mpya haulizwi tu jina lake. Anaulizwa barua ya utambulisho: jumuiya gani, kigango gani, nani anakufahamu. Seva za barua pepe hufanya vivyo hivyo. Barua inapobisha hodi, inayopokea hutazama anwani ya mtandao ilikotoka na kuuliza kama anwani hiyo ina jina linalojulikana. Nyumba ya Mwalimu haikuwa nalo. Ilikuwa ikitumia mtandao wa simu, ambako anwani moja hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, kama shule nzima inavyotumia S.L.P. moja. Tena hubadilika kila mara. Anwani za namna hiyo zimeorodheshwa kama za majumbani, na seva nyingi hukataa barua zinazotoka huko moja kwa moja.

Dawa yake ni ya unyenyekevu: usiende mwenyewe, mtume mtu anayejulikana. Kampuni inayotunza jina la parokia ilikuwa na seva ya kupokea na kupeleka barua za wateja wake, imo ndani ya ada ya mwaka. Katika faili kuu la Postfix tukaandika jina la seva hiyo kwenye mstari uitwao relayhost, mlango 587, pamoja na jina la mtumiaji na neno la siri. Tangu hapo kompyuta ya nyumbani huikabidhi seva hiyo barua zote. Na kwa kuwa barua za kuja nazo haziwezi kuifikia nyumba yenye anwani ya kushirikiana, zinashukia kwenye kasha la kampuni, kisha kompyuta ya nyumbani huzifuata huko yenyewe kila baada ya dakika chache.

Njia ya kukabidhiana hivyo si ngeni Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charles Musisi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha mfumo wa barua pepe ulioitwa Mukla, ambao ulikusanya barua, ukasubiri, kisha ukazipitisha kwa laini ya simu. Babu zetu wa mtandao hawakuona haya kusafiri kwa mgongo wa mwingine.

Sasa barua zilitoka. Lakini za majaribio tulizojitumia zilianguka katika barua taka. Sababu ilikuwa kwamba seva mpokeaji iliona barua yenye jina la parokia yetu ikiletwa na tarishi ambaye parokia haikuwa imemtangaza popote. Tangu Februari 2024 kampuni kubwa za barua pepe duniani zimekaza sana jambo hili: anayetuma lazima ajithibitishe. Uthibitisho wenyewe ni wa aina mbili, na yote miwili hutangazwa hadharani katika kumbukumbu za jina la kikoa.

Wa kwanza huitwa SPF. Ni mstari mmoja unaosema: barua zetu huletwa na seva hizi, na si nyingine. Wa pili huitwa DKIM. Huo ni muhuri: seva hutia sahihi ya siri katika kila barua, na yeyote mwenye ufunguo wa wazi uliotangazwa anaweza kuhakiki kwamba barua haikuchezewa njiani. Juu ya hiyo miwili kuna DMARC, inayomwelekeza mpokeaji afanye nini akikuta barua isiyo na uthibitisho.

Msomaji wa Maandiko hatashangaa. Mtume Paulo alikutana na shida hii hii. Katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, anawaonya Wakristo wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kuwa imetoka kwake. Mwishoni mwa waraka huo anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, na kusema kwamba hiyo ndiyo alama yake katika kila barua. Muhuri ndio huo. Na katika Waraka kwa Waroma, sura ya 16, kabla ya salamu zote anamtambulisha Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea, ambaye wataalamu wengi wa Maandiko wanaona ndiye aliyeubeba waraka. Anamtaja kwa jina ili Waroma wampokee. Tarishi ametangazwa.

Saa iliyorudi nyuma

Siku moja kila kitu kilifanya kazi. Usiku umeme wa gridi ukakatika, betri za sola nazo zilikuwa chini, kompyuta ikazima. Asubuhi ikawaka yenyewe, na barua zikakwama tena. Safari hii daftari lilisema kwamba cheti cha usalama cha seva ya mbali bado hakijaanza kutumika.

Mwalimu ndiye aliyeona. Alisogeza miwani yake, akatazama pembe ya kioo, akasema, "Mafrateri, mbona hapa ni mwaka 2009?"

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoitunza saa mashine inapozimwa. Ya Mwalimu ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kompyuta iliamka katika mwaka wa zamani. Cheti kilichotolewa mwaka huu, kwake kilikuwa cha wakati ujao, na ikakikataa kwa haki kabisa. Tulipata betri kwa fundi saa pale sokoni, tukaibadilisha, kisha tukaweka programu ya kusahihisha saa kwa mtandao kila mashine inapowaka. Mipangilio yote ya ustadi ilikuwa inangoja kidude cha ukubwa wa sarafu.

Wenzetu mtakaofanya kazi hii vijijini, wekeni jambo hili juu ya orodha yenu. Vitabu vingi vya mafundi vimeandikwa mahali ambapo umeme haukatiki.

Matunda, na yasiyorudi

Mashine ile tuliipa jina la Gabrieli. Tovuti ya Vatikano ilipoanza mwaka 1995, kompyuta zake ziliitwa Rafaeli, Mikaeli na Gabrieli. Na Papa Pio XII alikwisha kumtangaza Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa mawasiliano mwaka 1951. Tulifuata mapokeo.

Barua ya Kigoma ilitumwa upya. Katika vichwa vyake tuliona SPF imepita na DKIM imepita. Siku ya tatu jibu likaja, cheti kimepigwa picha vizuri, muhuri unasomeka. Pembeni mwa jina la kijana palikuwa na kipaimara tu. Hakukuwa na ndoa. Padre wa huko akaongeza kwamba hakuwahi kupata barua yoyote kabla ya ile.

Paroko aliisoma barua hiyo mbele ya wazee wale wale wa jumuiya. Lilikuwa jambo la haki: neno lililosemwa hadharani lijibiwe hadharani. Shangazi alisikiliza, akasema, "Basi, Padre, ndoa ifungwe." Ilifungwa, ingawa tarehe ya kwanza ilikuwa imepita na matangazo yalibidi yasomwe upya. Kijana alifurahi. Lakini alituambia kwamba kule kwenye duara lake wako wanaomtania mpaka sasa, wakimwita bwana wa wake wawili. Hilo hakuna seva inayoweza kulirudisha.

Zile barua 16 nyingine tulizipanga na katibu, moja moja. Baadhi zilitumwa tena. Baadhi ziliwahusu watu waliokwisha kuhama kufuata rashi nyingine, na hatukujua pa kuwatafuta.

Ndugu zetu waseminari na waamini, hatusemi kila parokia iwe na seva sebuleni. Parokia nyingi zitatosheka na kasha la kulipia kwenye kampuni ya kutunza tovuti, mradi anwani iwe ya parokia na wala si ya mtu. Tunachosema ni kidogo zaidi ya hapo, na kinahusu ofisi yoyote. Ajulikane kwa jina mtu anayefungua kasha la barua zilizorudi, na akihama, atajwe mwingine siku hiyo hiyo. Barua inayohusu sakramenti ifuatiwe kwa simu baada ya wiki moja, na orodha ya simu za parokia isahihishwe kila mwaka. Folda ya barua taka ipitiwe kila Jumatatu, kwa sababu huenda humo amelala mchumba wa mtu.

Na tukikaa wiki sita bila jibu, tujifunze kusema, "Hatujasikia," badala ya, "Kuna jambo." Maana ofisi ya parokia inaposhindwa kufikisha barua, anayelipa si ofisi. Ni yule aliyekuja kwetu na koleo na simu, bila ndugu wa kumsemea, akatuomba tumwandikie nyumbani.

Tuombeane.